Rahisi Iliyo Ghali: Shauri kwa Kijana Anayetaka Kununua Rauta



Mwezi huu tumepokea barua ya kijana mmoja, nayo twaiona yastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wetu wote, kwani jambo lililomo ndani yake laingia katika nyumba nyingi. Kijana huyu ni karani, na riziki yake yatokana na kalamu. Lakini baada ya Alasiri, na siku za mapumziko, hupenda kufanya useremala uani kwao. Msumeno, randa na patasi amekwisha kuvizoea. Sasa ameweka akiba anunue mashine ya umeme ambayo mafundi huiita rauta. Nia yake ni kutengeneza marufaa ishirini, yaani vile viweko vya kukunja vya kuwekea Msahafu, awape watoto wa chuo cha mtaani kwao kabla ya Ramadhani. Na baada ya hayo atengeneze kabati dogo la kuwekea Misahafu yenyewe.

Baba yake amekataa. Asema mashine hiyo ni mchezo wa ghali, tena hukata vidole, na karani asiye na vidole hana kazi. Kijana naye ajibu kwamba ameona dukani rauta kubwa yenye nguvu, ya bei ya chini kabisa, iliyofungwa pamoja na sanduku la biti nyingi, wala haitaigusa fedha ya matumizi ya nyumba. Kwa muda wa wiki mbili baba na mwana hawasemezani ila kwa salamu. Kijana atuuliza: nani mwenye haki?

Jawabu letu ni kwamba kila mmoja ana sehemu yake ya haki, na kila mmoja ana sehemu yake ya kosa. Nasi tutaeleza kwa urefu, maana yaliyowapata wawili hawa huenda yakawapata wengine kesho.

KAZI YA MIKONO

Kwanza, mzee wetu asiudharau useremala kwa kuuita mchezo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Nabii Zakariya a.s. alikuwa seremala. Nabii Nuhu a.s. aliamrishwa aunde jahazi kwa mikono yake, huku watu wa kaumu yake wakipita na kumcheka. Na Mtume wetu Muhammad s.a.w. alipotaka mimbari ya kukalia anapowahutubia watu, ilitengenezwa na seremala aliyekuwa mtumwa wa bibi mmoja wa Kiansari, kwa mti uliotoka katika mwitu wa Al-Ghaba nje ya Madina. Kijana ambaye jioni yake yampita akiwa na randa mkononi uani kwao, machoni pa mama yake, ni neema kwa nyumba. Wako wazazi wengi ambao leo hawajui jioni za watoto wao zapita wapi.

Lakini kijana naye asidhani kuwa nia njema yamkinga mtu na hasara. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan amewasifu waja wake kuwa ni wale ambao watoapo mali hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Njia ya katikati katika kununua chombo si kuchukua cha bei ya chini kuliko vyote. Wazee wetu walikwisha kusema: rahisi ni ghali.

RAUTA NI KITU GANI

Kwa wasomaji wetu wasioijua mashine hii, twaeleza kwa ufupi. Rauta ni mota ya umeme iliyosimamishwa wima juu ya kitako bapa. Chini ya mota hufungwa kisu kidogo kiitwacho biti, na biti huzunguka kwa kasi kubwa mno, kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika moja. Ukiisukuma juu ya ubao, huchimba mfuo ulionyooka. Ukiipitisha ukingoni, huondoa ncha kali na kuacha umbo la mviringo au la nakshi. Ukiiongoza kwa kigezo cha plaiwudi, hutoa umbo lile lile mara ishirini bila ya tofauti. Hapo ndipo kijana wetu alipovutwa, naye hakukosea: marufaa ishirini za sura moja ni kazi inayofaa kwa rauta.

Ila yafaa ajue tangu mwanzo kwamba mashine hii haiwezi kila kitu. Kwa kuwa biti ni ya mviringo, kila pembe ya ndani inayokatwa na rauta hubaki ya mviringo. Anayetaka pembe ya mraba hana budi kuimaliza kwa patasi. Nakshi za milango ya Lamu na Unguja zilichongwa kwa patasi na nyundo ya mti, na mwenye kuzichunguza ataona pembe kali zisizoweza kutoka katika biti inayozunguka. Basi kijana asiziuze patasi zake ili aongeze fedha ya rauta.

YALIYOTUPATA SISI

Hapa yatupasa tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Miaka kadhaa iliyopita nasi tulitamani rauta kama anavyotamani kijana huyu. Tulikwenda katika duka moja la zana, tukaona rauta kubwa iliyobandikwa jina la kampuni mashuhuri, kwa bei ambayo haikuwa hata theluthi ya bei tuliyoizoea. Tulipaswa kujiuliza sababu yake, wala hatukujiuliza. Tulifurahi kama mtu aliyeokota.

Nyumbani tukaona kwamba mashine ina kishikio kimoja tu cha kukazia biti, cha robo inchi, nasi tulikuwa na biti nzuri za mguu wa milimita 6 tulizopewa na rafiki. Robo inchi ni milimita 6.35. Tofauti ni theluthi moja tu ya milimita, na nati ilikubali kukaza, tukasema yatosha. Mfuo wa kwanza ulitoka vizuri. Katika mfuo wa pili biti ilianza kuteleza kushuka chini, ikazama katika ubao kuliko tulivyopima, mashine ikaruka mikononi mwetu, na biti ikachomoka ikaenda kupiga mlango wa kabati ulio nyuma yetu. Ilitoboa ubao wa mlango ule na kubaki humo. Mtoto wetu mdogo alikuwa amesimama mahali pale muda mfupi kabla ya hapo, akaitwa na mama yake jikoni.

Mwenyezi Mungu alitusitiri. Lakini hatuwezi kuilaumu mashine peke yake, wala muuza duka peke yake. Sisi ndio tulioacha kuuliza, na sisi ndio tuliofunga mguu usiolingana na kishikio chake. Tangu siku ile biti ile tumeiweka juu ya rafu mbele ya macho yetu, na kila kijana ajaye kutuuliza habari ya rauta twamwonyesha.

CHAGUA KAZI KWANZA, KISHA MASHINE

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuanza na nguvu ya mashine. Huuliza, "Ina wati ngapi?" kabla ya kuuliza, "Mimi nitafanya nini?" Yafaa mambo yaende kinyume cha hivyo.

Rauta ziko namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni rauta ndogo inayoshikwa kwa mkono mmoja, ambayo asili yake ilitengenezwa kwa kupunguza kingo za meza zilizobandikwa formaika. Nguvu yake aghalabu ni kati ya wati 500 na 700 na kidogo, na hushika biti za mguu wa robo inchi au milimita 6. Namna ya pili ni rauta kubwa yenye vishikio viwili. Nguvu yake huanza kama wati 1,200 na kupanda hadi 2,000 na zaidi. Nyingi katika hizo huwa na nguzo mbili zenye springi, ili biti izamishwe katika ubao huku mashine ikizunguka, na zile za nguvu zaidi hushika biti za mguu wa nusu inchi au milimita 12.

Sasa tupime kazi ya kijana wetu. Marufaa ni mbao mbili nyembamba. Kuzizungushia ukingo na kuzifuatisha kigezo ni kazi nyepesi. Kabati la Misahafu lataka mifuo ya kupokea rafu za plaiwudi: upana wake milimita 12, kina chake milimita 6, unaochimbwa kwa milimita 3 mara ya kwanza na milimita 3 mara ya pili. Kazi hii yote rauta ndogo ya wati 700 yaifanya pasipo taabu. Wapi basi haja ya ile kubwa aliyoiona dukani? Rauta kubwa ni chombo cha mwenye kutengeneza milango ya nyumba na meza za jikoni kila siku. Kwa mwanafunzi ni nzito, hupiga mshtuko inapowashwa, na ikimponyoka haimpi nafasi ya kujirekebisha. Anayejifunza kupanda hapewi farasi wa vita.

Twasema basi: kwa fedha ile ile, mashine ndogo iliyo ya kweli ni bora kuliko mashine kubwa iliyo ya uongo.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Kijana asinunue kwa kutazama sanduku. Aombe mashine itolewe, aishike mkononi, kisha ayatazame mambo yafuatayo.

La kwanza ni koleti, yaani kile kishikio cha chuma kinachoukaza mguu wa biti. Moyo wa rauta uko hapo. Aulize ni cha robo inchi, cha milimita 6, au cha milimita 8, kisha anunue biti za kipimo hicho hicho na si kingine, hata kikikaribia. Kama rauta yaja na koleti mbili, ni heri zaidi. Aufunge mguu wa biti humo, auzungushe kwa mkono pole pole na kutazama ncha yake: ikiyumba kama mlevi, airudishe mashine kwa muuzaji.

La pili ni beringi. Ashike biti iliyofungwa na kuisukuma huku na huku. Pakiwa na mchezo unaosikika, beringi ni mbovu au zimechoka. Kisha aiwashe bila ya kugusa ubao. Mlio wake uwe mmoja ulionyooka. Mkwaruzo, harufu ya kuungua, au cheche nyingi zinazoonekana katika matundu ya hewa, vyote ni mashahidi wa ubovu.

La tatu ni kitako. Aweke rula juu yake: kitako kilichopinda hutoa mfuo uliopinda. Na kile kifungo kinachozuia kina cha biti kikazwe, kisha kisukumwe kwa nguvu. Kikilegea dukani, kitalegea zaidi kazini.

La nne ni mwendo. Ikiwezekana achague mashine yenye kidude cha kupunguza na kuongeza kasi. Sababu yake ni hesabu rahisi. Biti ya upana wa milimita 12 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, ukingo wake wakimbia kama mita 15 kwa sekunde. Biti ya upana wa milimita 50 ikizungushwa kwa kasi hiyo hiyo, ukingo wake wakimbia karibu mita 63 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kwa hiyo kila biti inavyokuwa pana ndivyo mwendo unavyopaswa kupunguzwa, na biti pana namna hiyo haifai kabisa katika rauta ndogo. Isitoshe, mguu wa nusu inchi ni mnene mara 2 tu kuliko wa robo inchi, lakini ukakamavu wake wa kutopinda ni mara 16. Ndiyo sababu biti kubwa hupewa mguu mnene.

La tano ni vipuri. Mota za rauta nyingi zina vipande viwili vya kaboni ambavyo huisha kwa kutumika, kama inavyoisha sabuni. Aulize kabla ya kulipa: kaboni zake zapatikana? Koleti yake ikichoka, yapatikana peke yake? Kama jawabu ni hapana, mashine hiyo ina umri wa kaboni zake tu.

UMEME NA VYOMBO VYA MITUMBA

Wako wanaopendelea mashine zilizotumika Ulaya, nasi hatuwakatazi. Rauta nzuri iliyotumika mara nyingi hushinda mpya ya bandia. Lakini sharti wasome kibati kilicho ubavuni. Umeme wa majumbani mwetu Afrika ya Mashariki ni wa volti 230 mpaka 240. Rauta ya Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka ukutani kwetu yaungua papo hapo. Tena yapo mengine yasiyojulikana na wengi: zana nyingi za mafundi wa ujenzi wa Uingereza ni za volti 110, zenye plagi ya mviringo ya rangi ya manjano, kwa kuwa huko hutumiwa pamoja na transfoma kwa usalama. Mtu huiona bei yake, akakata plagi ile na kufunga nyingine, na kwa sekunde moja amepoteza fedha yake. Plagi ikihitaji kubadilishwa, afanye fundi wa umeme.

Waya wa kuongezea nao usiwe ule mwembamba wa taa, wala usiachwe umezungushwa kama kamba wakati wa kazi, kwani hupata moto.

BITI TATU NJEMA

Lile sanduku la biti nyingi lililomvutia kijana ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Kisu kibaya huunguza mbao, humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeteleza. Ni afadhali anunue biti tatu zilizo njema: moja ya kuchimba mfuo ulionyooka ya milimita 12; moja ya kuzungushia ukingo; na moja ya kufuata kigezo, yenye beringi ndogo nchani. Zote ziwe za kabaidi, ile madini ngumu inayobandikwa kwenye makali, wala zisiwe za chuma kitupu.

Mbao zetu hazina huruma. Ndani ya mvule mara nyingi mna vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali bila ya kuonekana kwa nje. Msaji una chembe za namna ya mchanga zinazokula kisu. Mpingo hauhitaji kuelezwa. Kwa kujifunza, kijana aanze na mkangazi au mninga, au vipande vya msonobari, mpaka mkono wake upate adabu.

HESABU YA AKIBA

Bei ya mashine si gharama ya kazi. Katika kila shilingi 100 za akiba yake, twamshauri kijana atoe shilingi 50 kwa mashine, 25 kwa biti, 15 kwa vya kujikinga, na 10 kwa vibano vya kushikia ubao. Kama shilingi 50 hizo hazitoshi kununua mashine ya kweli, jawabu si kushuka kwenye mashine ya uongo, wala si kukopa kwa riba, ambayo hakuna marufaa inayoweza kuihalalisha. Jawabu ni kungoja miezi mitatu. Na anapongoja, amwendee seremala aliye karibu, amlipe ujira wa siku moja, afanye kazi na rauta ya fundi huyo chini ya macho yake. Siku hiyo itamfundisha zaidi ya makala yetu hii. Akiiazima aende nayo nyumbani, akumbuke kwamba kwa madhehebu yetu ya Kishafii kitu cha kuazima ki juu ya dhamana ya aliyekiazima: kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, yampasa alipe.

HAKI YA MWILI NA HAKI YA JIRANI

Sasa twaja penye haki ya mzee wetu. Hofu yake juu ya vidole si ya bure. Mwili ni amana, na mwenye amana hujilinda kabla ya kuomba alindwe.

Kabla ya kugusa biti, plagi iondolewe ukutani. Si kuzimwa tu, bali iondolewe. Mguu wa biti uingizwe mpaka mwisho, kisha uvutwe nje milimita 2 au 3 ndipo ukazwe kwa spana. Ubao ubanwe kwa vibano viwili; ubao unaoshikwa kwa mkono wa kushoto huku rauta ikiwa katika mkono wa kulia ndio mwanzo wa misiba. Mashine yaendeshwa kinyume cha mzunguko wa biti: katika ukingo wa nje ulio karibu nawe, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia, na ndani ya tundu au fremu, zungusha kama mishale ya saa. Ukienda kinyume cha hivyo biti hushika ubao na kukimbia nao, na mikono yako pamoja.

Kanzu ni vazi tukufu, lakini si vazi la rauta. Mikono mipana, shali, na ncha za mtandio kwa mabinti zetu wanaopenda kazi hii, nao tunawajua wako, vyote vifungwe au viwekwe mbali. Miwani ya kukinga macho si anasa. Vizibo vya masikio navyo si anasa, kwani kelele ya rauta yapita kiasi ambacho sikio laweza kukistahimili kwa muda mrefu.

Na vumbi, enyi ndugu, msilidharau. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika daraja la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule huwapa watu wengine pumu na muwasho wa ngozi. Basi barakoa ivaliwe, kazi ifanywe uani au barazani penye upepo, wala si katika chumba anacholala mtoto, na maranda yafagiwe kabla ya chakula cha usiku. Hapo mama wa nyumba ndiye kadhi, na hukumu yake haina rufaa.

Jirani naye ana haki yake. Mtume wetu s.a.w. amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Rauta isilie wakati wa adhana, wala wakati wagonjwa na wazee wamelala mchana, wala baada ya Isha. Marufaa iliyotengenezwa kwa kumnyima jirani usingizi ina deni ndani yake.

NENO KWA WAUZAJI

Hatuwezi kuondoka bila ya kuwakumbusha ndugu zetu wenye maduka. Wote twajua habari ya Mtume s.a.w. alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini yake majimaji, na jinsi alivyomkana mwenye kughushi. Kubandika jina la kampuni ya watu juu ya mashine isiyo yao ni majimaji yale yale, ila haya hukata vidole. Na mnunuzi ajue kwamba sheria yetu imempa khiyari: akikuta aibu iliyokuwamo kabla ya kuuziwa, wala hakuijua, ana haki ya kurudisha kitu na kurudishiwa fedha yake. Lakini afanye hivyo mara anapoiona, na tangu hapo asiendelee kuitumia mashine. Kwa hiyo achukue risiti, na aijaribu siku ile ile.

SHAURI LETU

Mwanetu, usiinunue ile uliyoiona dukani. Mwombe baba yako msamaha kwa siku za kimya, kisha umwombe afuatane nawe kwa fundi siku moja mkaitazame rauta ikifanya kazi. Baada ya hapo nunua ndogo iliyo ya kweli, na biti tatu, na miwani. Na kama akiba haijatosha, ngoja. Watoto wa chuo wakipata marufaa zao baada ya Ramadhani badala ya kabla yake, thawabu yako haipungui.

Nawe mzee wetu, umeogopa kwa sababu ya mapenzi, na hofu ya namna hiyo haina lawama. Lakini mwana anayekatazwa bila ya kuelezwa huenda kununua kwa siri, na chombo kilichonunuliwa kwa siri hutumiwa kwa siri, pasipo mtu wa kuchomoa plagi. Heri kiwe uani kwako, nawe umeketi kando na tasbihi yako. Na marufaa ya kwanza itakapokauka gundi yake, tunadhani itakuwa ni yako.

Wabillahi tawfiq.